Dhapu na Godoro la Tuta Jeupe

Nitakayowaambia hapa hamtayaamini, na wala siwalaumu. Mimi mwenyewe niliyaona kwa macho haya mawili, na bado kuna asubuhi naamka nikaenda kuyagusa kwa mkono, nisije nikawa niliota. Ni habari za mwanamke aliyechukua tuta la mchanga lililokuwa halina faida hata kwa mijusi, akalitandikia godoro, akalifunika shuka, na tuta likatulia likalala kama mtoto aliyeshiba. Mwanamke huyo ni Dhapu, mke wa mpwa wangu Birda. Mkimsikia mtu mwingine yeyote hapa Marwar anakisimulia kisa hiki, jueni amekiiba kwangu. Na mkinisikia nasoma kwa sauti huku naandika, nivumilieni. Mwalimu wetu alihamishwa kabla hajafika kwenye somo la kuandika kimya.

Dhapu alizaliwa binti wa sita kwao. Kwetu jina Dhapu hupewa binti wazazi wakiwa wameshashiba mabinti; ni kumwambia Mungu asante, sahani imejaa, usiongeze. Mungu akasikia vibaya, akawaongezea wa saba. Mwingine angelichukia jina kama hilo. Dhapu alilipenda. Alikuwa akisema katika nchi hii kavu yeye ndiye mtu pekee aliyezaliwa ameshiba.

Akaolewa nyumba ya shemeji yangu Ghewar, aliyemwoa dada yangu Mathri. Ghewar ana masharubu yanayomtangulia mlangoni na kilemba ambacho kikifunguliwa kinatosha kamba ya kisima. Anapenda wanyama kuliko watu, na katika wanyama anampenda ngamia wake Nawabu kuliko wote. Mvua ikichelewa, watu humwuliza Ghewar hali ya nyumbani, naye hujibu kwamba Nawabu hali vizuri siku hizi.

Sasa, mkwe wa nyumba hasemi na baba mkwe. Anashusha ushungi uso mzima na maneno yake yanapitia kwa mtu wa tatu. Nyumba nyingi hutuma mtoto, lakini watoto wa Dhapu walikuwa bado wachanga, hata jina la maji hawajalijua. Kwa hiyo Dhapu akamtuma Nawabu.

"Nawabu," angesema asubuhi, akiweka kikombe kwenye ukingo wa ukuta, "mwambie baba chai inapoa."

"Nawabu," Ghewar angejibu bila kugeuka, "mwambie mke wa Birda chai ya jana ilipoa ikiwa bado jikoni."

Nawabu hucheua, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Hajawahi kukosea ujumbe. Nimewaona matarishi wenye sare na baiskeli ambao wasingemfikia.

Mzee alipoona nguvu zinapungua aliwagawia wanawe ardhi. Purkha, mkubwa, alikuwapo. Birda hakuwapo, alikuwa Gujarat kwenye kiwanda cha vigae, anabeba vigae vya nyumba za watu wengine. Kura zikapigwa. Purkha akaangukiwa na shamba la bondeni lenye miti mitatu ya khejri na udongo unaoshika mkono. Birda akaangukiwa na Tuta Jeupe. Wazee wakasimama mpakani, sahani ya sukari guru ikazungushwa, kila mtu akamega akala, Ghewar naye akala akasema ni tamu, na mambo yakawa yamekwisha. Sukari guru ikishaliwa mpakani, mgawo haurudishwi. Hata mume na mke wakiachana, mpaka haubanduki.

Tuta Jeupe lilikuwa mchanga mtupu, na mchanga wenye miguu. Ukipanda mawele yanaota moja hapa moja pale kama ndevu za mvulana. Ukifika mwezi wa tano, upepo wa moto unaamka na tuta linaamka nalo, linavuka ua wa miiba, linaingia uani, linaingia kwenye mtungi, linaingia kwenye unga. Paru, jirani, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kukatia kuni, alikuwa akisema Dhapu ndiye tajiri wa kijiji kizima, maana mashamba ya wenzake hukaa mbali lakini lake humfuata mpaka kitandani.

Dhapu alicheka pamoja naye. Lakini jambo lenyewe halikuwa la kucheka, na nitawaambia kwa nini, ili msije mkasema niliwaficha. Birda alikuwa amepiga simu. Msimamizi wa kiwanda alimpenda. Alitaka kumwandika mtu wa kudumu, ampe chumba nyuma ya tanuri, na akishakubali basi, nyumbani atakuja kwa sikukuu kama mgeni.

"Tusidanganyane," alisema Birda. "Tuta likitoa mawele ya kututosha mwaka, narudi nalala kwangu. Lisipotoa, nampa mkono yule bwana."

"Nipe mavuno mawili," Dhapu akasema.

"Mawili ya nini? Moja halitoshi?"

"La kwanza si letu. Ni la mchanga."

Vigae vikasikika vikigongana nyuma ya Birda. Kisha akasema atamzungusha yule msimamizi mpaka mavuno ya pili, lakini ya pili yakipita hana uongo mwingine wa kumpa.

Wazo lenyewe Dhapu hakulitoa mbali. Kwa baba yake, alipokuwa msichana, rundo la mothi lilikuwa limewekwa shambani likauke. Mothi mnaujua, kunde yetu ndogo ya mchangani, inayotambaa chini na kupenda jua. Ikaja mvua isiyokuwa na adabu, nje ya msimu wake, rundo likaoza lote na hakuna aliyekuwa na moyo wa kulizoa. Mwaka uliofuata, pale pale palipooza, mawele yaliota mpaka shangazi zake wakagombana nani akavune kona ile. Dhapu alikula mkate wa kona ile, na mtu aliyezaliwa ameshiba hasahau alichokula.

Basi mvua ya kwanza ilipoanguka, wenzake wote wakapanda mawele. Dhapu akamfunga Nawabu jembe, akapanda mothi kwenye Tuta Jeupe lote, kutoka juu mpaka chini, tena kwa kubananisha, mbegu karibu na mbegu. Watu walidhani mkono umemteleza. Hazikupita wiki nyingi, mothi ukaanza kutambaa. Haukimbilii juu kama mawele yanayotaka kuonekana. Unakwenda chini chini, unashika mchanga kwa vidole, unavuta majani yake kama mtu anayejivutia blanketi. Tuta likawa la kijani. Nasema kijani. Mbuzi wa kijiji kizima walikuja kusimama nje ya ua wa miiba, wamenyoosha shingo, kama jamaa wa bwana harusi wanaosikia harufu ya chakula na bado hawajaambiwa wakae.

Ghewar alikuwa anapita pale kila jioni, anashika majani, anahesabu mizigo ya malisho kichwani mwake. Alianza kuimba akioga. Mpaka siku Dhapu alipomkuta kwenye nguzo ya Nawabu, akashusha ushungi, akasema alichokuwa amekibeba siku nyingi.

"Nawabu, mwambie baba nitakuomba kwa kazi, unyevu ungali mchangani. Nataka kuulaza mothi chini."

"Nawabu, muulize mke wa Birda kuulaza maana yake nini."

"Kuufukia, Nawabu. Na majani yake na maua yake. Wote."

Ghewar alimaliza kwanza kufunga fundo la kamba. Alilifunga, akalifungua, akalifunga tena.

"Nawabu," akasema taratibu, "mwambie hicho ni chakula chako. Anataka kumpa mchanga chakula chako."

"Nawabu, mwambie baba mchanga ule haujawahi kupewa kitu. Tunachukua mbegu, tunachukua mabua, tunang'oa mpaka mizizi tunawapa mbuzi. Kisha tunaulaumu."

"Mwambie mchanga hauna tumbo."

"Muulize mbegu zetu za miaka yote zimemezwa na nani."

Hapo Ghewar alimgeukia ngamia kwa hasira ya kweli na kumwambia kwamba yeye naye amesimama tu anasikiliza, hata hamtetei bwana wake. Akaondoka. Nawabu akala kipande cha kamba.

Msimwone Ghewar mtu mbaya. Nchi hii imemfundisha kwamba jani la kijani halitupwi. Amewahi kuona mwaka ambao ng'ombe walikula nyasi za mapaa. Moyoni alijua binti wa watu amechanganyikiwa kwa upweke na ni wajibu wa mzee kumwokoa na akili zake mwenyewe. Kwa hiyo akafanya kitu ambacho ni mzee wa kwetu tu angekifanya: akaita lhasi. Alipita nyumba kwa nyumba, kilemba kimenyooka, akialika watu waje kusaidiana kwenye Tuta Jeupe siku ambayo Dhapu alikuwa amepanga kufukia. Waje na miundu, wang'oe mothi wote, wapeleke zizini, na jioni kila mtu arudi na fungu lake. Lhasi haikataliwi. Ukikataa ya mwenzako, siku yako utavuna peke yako na mkeo atakutazama.

Aliyemletea Dhapu habari ni mama mkwe wake, dada yangu Mathri, siku moja kabla. Dhapu alikuwa anakanda unga. Mathri akaketi, akavua bangili moja akaivaa tena, akamwambia kwamba kesho kuna lhasi, shambani kwake, ya kung'oa.

Mikono ya Dhapu ilibaki ndani ya unga. Hakulia, alifikiri. Aliona mothi unakwenda, mchanga unabaki uchi, upepo wa mwezi wa tano unaamka, mawele yanaota moja hapa moja pale. Kisha akamwona Birda amempa mkono yule bwana, ana chumba nyuma ya tanuri, anakuja sikukuu na zawadi za watoto wasiomjua. Alijaribu kumpigia. Simu ikaita mpaka ikachoka. Birda alikuwa kwenye zamu.

"Mama, akishaita lhasi inarudishwa?"

"Hairudishwi. Watu wamekwisha kunoa miundu."

"Basi nifanye nini?"

Dada yangu si mtu wa maneno mengi. Maneno ya ukoo wetu nilipewa mimi yote. Alikwenda ghalani akarudi na bati la samli, gunia la ngano ya kusaga na pande la sukari guru kubwa kama kichwa cha ndama, vitu vya kupikia lapsi, uji wetu mzito na mtamu wa siku za kazi. Akavitua mbele ya Dhapu.

"Lapsi pika wewe," akasema. "Na pakua wewe. Usimwachie mtu upawa."

Dhapu alimtazama. Kisha akaanza kucheka ndani ya ushungi, na dada yangu akainuka akaenda kukoka moto, hana habari.

Kesho yake watu walikuja kama harusi. Wanaume na vilemba vya rangi, wanawake na miundu kiunoni, ngoma moja, na mzee Asu ambaye meno yamemwisha lakini hajakosa lhasi yenye lapsi tangu azaliwe. Desturi mnaijua: mundu hauingii shambani kabla ya mkono kuingia kwenye lapsi. Nyumba yenye shamba ndiyo inayowalisha tonge la kwanza, na nyumba yenye shamba ndiyo inayoonyesha safu ya kuanzia. Ukishameza, siku yako yote ni ya nyumba ile. Kula lapsi ya watu ukaiacha kazi yao ni aibu ambayo mjukuu wako ataikuta imemkalia kwenye harusi yake.

Ghewar alikuwa amesimama juu kabisa ya tuta, fimbo mkononi, tayari kuonyesha. Dhapu akapanda na sufuria kichwani. Samli ilikuwa inang'aa juu yake. Akapita mtu kwa mtu, akapakua mwenyewe, kwa mkono uliojaa, si wa kuonjesha. Hakumruka yeyote. Fungu la Ghewar alimpa Mathri ampelekee, na dada yangu alisimama mbele ya mumewe mpaka alipomaliza kulamba vidole.

Ndipo Dhapu akaenda kusimama ubavuni mwa Nawabu. Akashika kamba. Sauti ilitoka nzima.

"Nawabu, wasalimie wazee na ndugu. Waambie wamekula lapsi ya nyumba ya Birda, kwenye shamba la Birda. Birda hayupo. Mkewe yupo. Safu ya kwanza nitaionyesha mimi."

Vinywa vilikuwa bado vimejaa. Ghewar akapiga fimbo chini, na mchanga haupigi kelele, kwa hiyo haikusaidia.

"Nawabu, mwambie lhasi hii nimeiita mimi."

"Nawabu, mwambie baba namshukuru kwa kuniitia watu, peke yangu nisingeweza. Na mkumbushe sukari guru ya mpakani. Aliila. Alisema ni tamu."

Mzee Asu alianza kucheka huku ana lapsi mdomoni, ikatokea puani, watu wakampiga mgongoni. Alipopata pumzi akajipangusa, akamgeukia ngamia kwa heshima zote.

"Nawabu, muulize bi mdogo: kama si kung'oa, tufanye nini na miundu?"

Dhapu akamwambia Nawabu kila kitu. Wakate mothi chini, mizizi waiache ndani. Wasibebe hata konzi moja. Waulaze kwa kuukingamisha na mteremko, bega kwa bega, kama watu waliolala mkeka mmoja. Wenye majembe waupigie mchanga juu, na ngamia apite nyuma na jembe la kukokota mahali pa tambarare. Watu wakatazamana. Mmoja akauliza, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, kama kweli wamekuja kuzika malisho.

Ni Paru aliyemjibu. "Mimi nimeshameza. Anayetaka kwenda zake aitapike kwanza."

Hakuna aliyekwenda. Ngoma ikaanza, kidogo kidogo mwanzoni, maana mikono ilikuwa inakataa. Nimewaona wanaume wazima wanalaza jani la kijani chini na kulifumbia macho. Lakini lapsi ilikuwa na samli nyingi, na kazi ya pamoja ina ulevi wake. Ilipofika adhuhuri wanawake walikuwa wanashindana safu na safu, Paru anamtukana kila mtu kwa jina la baba yake, na tuta linatandikwa kutoka juu kushuka chini.

Ghewar alikuwa amekwenda kukaa chini ya tuta, amewapa wote mgongo. Dhapu alipofika huko akasimamisha miundu. Ukanda mzima wa chini, pale mothi ulipokuwa mnene kuliko kwingine, akaamuru uachwe umesimama.

"Nawabu," akasema, "huu ni wako. Mchanga nao umekula, na wewe ni mtu wa nyumbani."

 Jioni Ghewar alionekana anaukata ule ukanda kwa mkono wake, na hakuna ambaye alimsikia akilalamika isipokuwa juu ya magoti yake.

Msimu ule walikula mawele ya kuomba kwa Purkha na maziwa ya mbuzi, na kijiji kilikula kicheko. Walimwuliza Dhapu kama mothi umeshazikwa, matanga yatavunjwa lini. Birda akaja kwa sikukuu ya Diwali, akasimama kwenye tuta lisilokuwa na kitu, akauliza mavuno yako wapi. Mkewe akamwambia yamelala. Birda akacheka nusu, nusu nyingine akaifungia kwenye mzigo wake, akarudi kiwandani.

Mwezi wa tano upepo uliamka. Mashamba ya watu yalinyanyuka yakaenda kutembea. Purkha aliokota ua wake wa miiba nusu ya njia ya kwenda sokoni. Paru alikwangua mchanga kwenye kitoto chake kama anayepaa samaki, ingawa samaki hajamwona maisha yake. Tuta Jeupe lilikuwa limefunikwa na mabua makavu yaliyojishika, na yale yaliyokuwa chini yameuma mchanga. Lilikaa. Upepo ulipita juu yake ukaenda kusumbua wengine. Siku hizo Dhapu alikula mkate usiolia kwenye meno, akawa anatafuna polepole, haamini.

Ghewar aliliona hilo. Alianza kupita na fimbo yake, anachokoachokoa tuta kama mtu aliyepoteza pete. Jioni moja alirudi na mchanga kwenye kiganja, akaupeleka puani, akaufikisha kwa mjumbe wao.

"Nawabu, huu mchanga unanuka."

Dhapu akashusha upawa. "Nawabu, muulize baba unanuka nini."

"Mwambie unanuka zizi."

Ghewar katika maisha yake hajamsifia mtu kwa maneno makubwa kuliko hayo. Dada yangu alipata hilo neno moja tu tangu aolewe, na ilikuwa mwaka wa ishirini wa ndoa.

Lakini mvua ilichelewa. Ilikuja, wakapanda, mara hii Dhapu naye mawele, na mistari ya mothi katikati yake maana hataki mchanga usahau. Kisha mvua ikaondoka bila kuaga. Siku zikapita, mbingu nyeupe kama sahani iliyooshwa. Mawele ya mashamba mengine yakaanza kujikunja kama sigara. Dhapu alikuwa akienda kwenye tuta kila alfajiri kabla ya kukamua, anafukua kwa kidole kimoja, kiungo cha kwanza, kiungo cha pili. Kwenye cha pili palikuwa na ubaridi. Anafukia, anarudi, hamwambii mtu. Aliogopa akisema tuta litasikia, likakauka. Birda alipopiga simu na kuuliza hali, alimwambia watoto hawajambo. Akauliza tena hali ya kule juu. Akamwambia asimwulize, amwulize ngamia.

Mvua ilirudi, moja tu, ya kutosha aliyekuwa bado yu hai. Mawele ya Tuta Jeupe yalikuwa hai.

Birda alikuja wakati wa mavuno na begi lake la safari, ndani yake shati jipya la kuvaa akimpelekea msimamizi jibu. Alishuka basi, akaja kwa miguu kwa njia ya juu ili apite kwanza kwenye shamba, asiingie nyumbani bila kujua. Akatembea akitafuta weupe. Alizaliwa akiuona weupe ule kutoka barabarani. Akapita, akapita, mpaka akajikuta langoni kwa kaka yake Purkha.

"Kaka, tuta limekwenda wapi?"

Purkha alidhani anatania. Kisha akaona uso wake. Mtu alikuwa anaamini upepo umemchukulia shamba lote kabisa. Purkha akakaa chini acheke vizuri.

Dhapu alikuwa ndani ya mawele, anakata masuke. Alisikia kila neno. Akatoka kwenye ukingo, ushungi umerudi nyuma maana hapakuwa na mkubwa karibu, jasho limemchora usoni.

"Umelipita," akamwambia. "Umelipita shamba lako kama mgeni wa sikukuu."

Birda alirudi polepole. Akaingia. Alishika bua moja, akalishika la pili, akainama akachota mchanga, nao ukashikana kidogo kwenye ngumi kabla ya kumwagika. Si udongo wa bondeni, lakini si ule aliouacha.

"Yule bwana anasubiri jibu," akasema.

"Basi mpe. Lakini kwanza shika hii," na Dhapu akamwekea mundu mkononi, "jua linapanda."

Alikata mpaka mchana ndipo akapiga simu. Alichomwambia msimamizi kilikuwa kifupi, na watu wote waliokuwa wanavuna walisimamisha miundu wakasikiliza bila haya. Alisema hawezi kuja, ana kazi nyumbani. Lile shati jipya alilivaa kuvunia, likachanika begani siku ile ile.

Masuke yakajaza ghala la udongo mpaka mdomoni, wakalazimika kuomba la Paru, na Paru akawapa pamoja na matusi yake. Birda bado yuko. Muda huu namsikia anagombana na mtoto kuhusu kiatu. Purkha ameomba mbegu ya mothi. Na Ghewar, siku ghala lilipofungwa, alikwenda kwenye nguzo, akamkuna Nawabu nyuma ya sikio, akasema kwa sauti ya kusikika jikoni:

"Nawabu, muulize mke wa Birda lhasi ya mwaka huu nimwitie lini. Na mwambie samli isipungue."

Ndiyo mambo yenyewe. Ila nimesahau kuwaambia habari ya mawele yale, na hapa ndipo hamtaamini. Yalikuwa marefu hivi kwamba shemeji yangu Ghewar aliingia humo amempanda Nawabu, kilemba na vyote, na mimi nimesimama barabarani sikuona hata ncha ya—

"Mbuzi," sauti inatoka upande wa jikoni, nyuma ya ushungi. Nawabu yuko malishoni leo, kazi amepewa mbuzi. "Mwambie mjomba siku hiyo Nawabu alikuwa amelala uani anacheua, na baba alikuwa kwa kinyozi."

Haya. Mbuzi ameniambia. Tuseme basi yalimfika Nawabu shingoni, na shingo ya ngamia mnaijua, kwa hiyo hata kama alikuwa amelala bado ni urefu wa—

"Mbuzi, mwambie kifuani. Kifuani kwangu mimi, si kwa ngamia."